Kabla Hujabadilisha Masega

Siku gari letu la jipu lilipokufa nguvu katikati ya mlima naikumbuka vizuri, mwanangu, na nitakusimulia leo kabla hujajilaza chini ya gari lako na spana mkononi. Mama yako ameniambia umeagiza masega mapya ya bomba la moshi na unataka kuyafunga mwenyewe hapa uani. Vyema. Mimi si wa kukukataza, maana ufundi huo nilijifunza Unguja nikiwa kijana, na umenilisha. Lakini keti kwanza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wewe miguu yako ndiyo itakayokuwa chini ya gari.

Ilikuwa miaka ile kisiwa hiki cha Ndzuani kilipotangaza kwamba hakitaki tena kuwa chini ya serikali ya Komoro iliyoko Moroni. Mimi ni Mngazidja, mtu wa kisiwa kile kingine, mtoto wa Moroni, nimeoa huku ng'ambo ya mlima unaotutenga na mji wa Mutsamudu. Desturi yetu unaijua: nyumba ni ya mke, mume huingia na begi lake. Basi nilikuwa naishi nyumbani kwa mama yako, ndani ya ua wa bibi yako Echati, mama mkwe wangu, na kila nikitoka barabarani kuna mtu ananiuliza nitaondoka lini. Mama yangu naye analia kwenye simu kutoka Moroni, rudi mwanangu, rudi. Sikurudi. Mama yako alikuwa na mimba, na mtoto wetu wa kwanza tulikuwa tumempoteza kwenye kona ya juu ya mlima, ndani ya gari la kuazima lililozima njiani. Daktari wa hospitali ya Hombo, kule Mutsamudu, alikuwa ametuambia waziwazi: safari hii uchungu ukianza tu, mleteni hospitali. Nikaapa kwamba mtoto wa pili hatafia barabarani.

Gari tulikuwa nalo. Jipu la petroli, kuukuu, limetembea mpaka namba za dashibodi zimechoka. Mjomba wa mama yako alituachia alipohamia Ufaransa. Asubuhi nilikuwa nalitumia kubebea maua ya mlangilangi kuyapeleka kwenye mtambo wa bibi yako, anakoyachemsha kutoa mafuta ya manukato. Siku hiyo napanda mlima, naona sakafu inawaka joto, harufu ya mayai viza imejaa, nakanyaga mafuta lakini gari linakohoa tu. Mwisho likaanza kunirudisha kinyumenyume. Nililiteremsha hivyohivyo mpaka nyumbani. Sikuwa nawaza maua, mwanangu.

Ugonjwa niliujua. Masega ni lile kopo la chuma kwenye bomba la moshi. Ndani yake kuna vitundu vidogovidogo vya kusafishia moshi, na vikiziba injini haipumui. Nikampigia kaka yangu Moroni. Akapata kopo zima kwenye gari lililogongwa, aina ileile, akalitia kwenye gunia la mchele na kumkabidhi mfanyabiashara mmoja aliyekuwa bado anathubutu kuvuka. Nikalipokea kwenye pwani ya Mirontsy. Kijana mwenye bunduki aliyekuwa akilinda hapo akafungua gunia, akaona chuma kizito chenye mdomo huku na huku, akanielekezea bunduki.

"Hili ni bomu?"

Nikaliinua nikapuliza, pumzi na vumbi vikamtokea usoni. Alicheka mpaka akakaa chini. "Nenda zako, Mngazidja!"

Nikarudi nyumbani kichwa juu. Nikainua jipu, nikapanga mawe chini ya ekseli, maana jeki haina undugu na mtu, hilo nalo lishike. Nikamwagia mafuta boliti zilizoliwa na kutu. Bibi yako akatoka jikoni akasimama juu yangu.

"Ua huu wa nani?"

"Wako, mama."

"Na unafanya nini humu?"

"Bomba limeziba, mama. Naweka jipya."

"Limezibwa na nini?"

Nikageuza spana. Akaendelea: "Bomba la moshi la tanuri langu likijaa masizi, sikimbilii bomba. Natazama kuni. Kuni mbichi zitaziba bomba jipya kama zilivyoziba la zamani. Wewe unataka kumpandisha binti yangu mlimani kwa bomba jipya na kuni mbichi?"

Wallahi, nilikasirika! Nimehangaika mpaka Mirontsy, nimeelekezewa bunduki, halafu nasomeshwa habari za kuni. Lakini mkwe hajibizani na mama mkwe. Nikameza. Nikafungua boneti kwa hasira, nikachomoa plagi za kuwashia moto ili nimwonyeshe kwamba injini ni nzima. Loo! Mbili nyeusi tii, zimelowa petroli. Siku zile mafuta yalikuwa adimu, kila mtu akichanganya petroli na mafuta ya taa, nami nilifanya vivyo hivyo. Plagi zikaharibika, na petroli isiyoungua ikawa inakwenda kuungulia ndani ya masega na kuyayeyusha. Hata hayo mapya yangekufa, pengine kwenye kona ileile.

Plagi zilikuwa kwenye duka moja tu Mutsamudu. Nikadandia lori nikaenda. Mwenye duka aliposikia lafudhi yangu akasema, "Zimekwisha," na boksi naliona nyuma ya kichwa chake. Nikarudi mikono mitupu, nimenuna, nikamsimulia bibi yako. Kesho yake akajitanda shiromani yake, ile nguo ya kujifunika ya wanawake wa huku, na kuniambia, "Tangulia."

Tulipofika dukani hakusalimia, na wewe unamjua, yeye salamu haimpiti.

"Huyu ni mume wa nyumba yangu," akasema. "Ukimnyima yeye umeninyima mimi. Haya, nitazame usoni uniambie zimekwisha."

Boksi likashuka. Mimi nilipotoka nje machozi yalinishinda, maana kwa miezi yote ile hakuna mtu wa kisiwa hiki aliyekuwa amenitaja kuwa ni wake. Bibi yako akanitazama. "Futa uso. Gari halitengenezwi kwa machozi."

Boliti zilikuwa zimekunywa mafuta siku nzima, zikafunguka bila kukatika hata moja. Nikafunga plagi, nikafunga masega na gasketi zake, nikamwaga mchanganyiko wote na kutia petroli safi niliyoomba kwa jamaa, kibaba kwa kibaba. Kisha nikalijaribu gari mlimani peke yangu kabla ya kumpakia mtu.

Uchungu ulianza asubuhi moja, mama yako akiwa anapeta mchele. Tukamlaza nyuma, bibi yako akamshika. Tulipoikaribia kona ile, mama yako akafumbua macho.

"Usisimame hapa."

"Sisimami."

Na jipu halikusimama. Lilipanda likavuka, tukateremka Mutsamudu mpaka Hombo, na kabla ya adhuhuri dada yako Mariama alikuwa anapiga kelele, na hajaacha mpaka leo. Bibi yako akampakata, akaomba simu ya hospitali, akataka namba ya mama yangu Moroni. Hawakuwa wamewahi kuzungumza. Akamwambia: "Mwanao harudi. Ana binti wa kulea huku. Njoo wewe."

Na mama yangu, aliyelia miezi yote rudi rudi, akauliza tu, "Nije na nini?"

Basi shika hili, mwanangu. Kitu kikifa, usione fahari kuweka kipya kabla hujajua cha zamani kimeuawa na nini. Chomoa plagi uzitazame. Ukikemewa na aliyekuzidi, meza hasira kwanza, kisha kachungulie, huenda amesema kweli. Na watu wanaposhindana kukatana undugu, nawe una nyumba, kaa, ukarabati. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mungu akupe mkono usio na pupa, akuvushe milima yako salama, wewe na uliowapakia wote, na siku ukisimama ugenini, akuletee wa kusema wewe ni wake. Amina.