Maisha ya Sista Waya, Aliyetafuta Mlango wa Kila Mwili

Alizaliwa katika chumba cha nyuma cha duka la fundi redio, mwaka ule mto ulipofurika ukabeba daraja, akiwa kitinda mimba wa mabinti watupu. Baba yake, aliyetamani mwana wa kiume wa kumrithisha koleo zake, alimtazama, akaguna, kisha akasema, "Haya basi, mikono ni mikono." Kabla hajajua kusoma, mtoto alijua kulehemu, na moshi wa risasi ya kulehemea ulikuwa ubani wake kabla hajaujua ule wa kanisani. Alipotaka utawa, mama mtu alilia hata kula akasusa. Baba alimfungia koleo kwenye kitambaa. "Nenda nazo. Hata redio za watawa zinaharibika." Dada zake wakamwita Sista Waya kwa kumtania, na jina likamganda.

Akiwa bado kijana alipelekwa kufua mashuka katika shule ya bweni ya wanafunzi wenye ulemavu. Huko wito wake wa pili ulimkuta. Siku ya kufunga shule kabla ya Noeli, wageni walileta zawadi: dubu wa kupiga ngoma, kondoo wa kulia, magari ya kumetameta. Kila kimoja kilikuwa na kitufe kidogo kama punje ya dengu. Watoto wenye ngumi zilizokaza na vidole visivyosikia amri walitazama, wageni wakabonyeza, wakacheka, wakapiga makofi, wakaenda zao. Sista Waya akabaki na kapu la mashuka kiunoni. "Leo wameshiba kucheza," alisema, "ila ni wageni." Akamchukua dubu, akampeleka chumba cha kufulia, akampasua mgongo.

Alitengeneza vitufe vipana kama visahani: vifuniko viwili vya makopo, karatasi ya alumini yenye waya ndani ya kila kimoja, na kati yake sponji yenye tundu, ili hata mguso mdogo uzikutanishe zile karatasi, umeme upite, na dubu apige ngoma. Lakini kazi kubwa haikuwa hiyo. Kwanza alikaa na mtoto, kimya, akimwangalia kama mtu anayechunga maziwa jikoni, mpaka aone ni kiungo gani kinachotii: kidevu, goti, kisigino. "Kila mwili una mlango," alisema. "Fundi kazi yake ni kutundika kengele mlangoni, siyo kuingilia dirishani."

Majaribu hayakukosekana. Mweka hazina wa parokia alimjia juu. "Sista, hawa wanataka unga, wewe unawaletea kondoo wa betri?"

"Unga wanaletewa na kila mtu, mzee wangu. Utundu nani kawaletea?"

Na utundu ukaja kweli. Jumapili ya tatu ya Majilio, mvulana mmoja ambaye mlango wake ulikuwa kidevuni alimliza kondoo katikati ya mahubiri, mara moja, tena, na tena. Padri akauliza, "Huyo kondoo ana neno?" Kanisa zima likacheka. Sista Waya akasimama, uso ukimng'aa: "Baba, mkemee tafadhali. Hajawahi kukemewa tangu azaliwe." Padri akamkemea kwa sauti kubwa, na mvulana akatamba na kemeo hilo mwaka mzima.

Mwaka uliofuata ilitengenezwa nyota kubwa ya taa, itundikwe juu ya pango la Noeli kanisani. Wa kuiwasha alichaguliwa mwanafunzi, binti wa mama mmoja mshona nguo, ambaye mlango wake ulikuwa shavu la kulia. Mama huyo roho ilikuwa juu. Alikuwa amemlea mwanawe kwa kumfanyia yote, maana aliogopa macho ya watu kuliko alivyoogopa njaa. Kanisa lilipotulia, binti aliinamisha kichwa, shavu likapita pembeni. Akajaribu tena. Watu wakaanza kukohoa. Mama hakuvumilia, akapenyeza mkono, akabonyeza. Nyota ikawaka, watu wakashangilia, na binti akalia machozi ambayo hakuna aliyeyaita ya furaha.

Sista Waya akaja, akaizima nyota. "Mama, mwachie."

"Watamcheka, Sista!"

"Wakimcheka tutasikia. Mikono ikikuwasha, ikalie."

Mama mshona nguo akaikalia mikono yake mbele ya kanisa zima, jasho likimtiririka. Padri akasubiri. Wazee wakasubiri. Shavu likafika. Nyota ilipowaka, binti alipiga ukelele uliofika barabarani, na mama yake akajua kwamba miaka yote ile hakuwa ameisikia sauti hiyo.

Uzeeni, Sista Waya alipatwa na kiharusi kilichomnyima ulimi na viungo. Wageni walimnong'onea kama mtu aliyekwisha kuondoka. Yule binti wa nyota, sasa mwanamke mzima, akamwambia mama yake amsukume kwa kiti chake cha magurudumu mpaka kando ya kitanda, akatazama siku kadhaa bila haraka, kama alivyotazamwa yeye. Kisha kwa ulimi wake mzito akasema, "Gumba. Mguu wa kushoto." Wakaweka kitufe pale, na ile nyota ya kanisani wakaitundika dirishani. Kidole kikatikisika, kikakosa. Mama, kwa mazoea, akanyoosha mkono kuusaidia mguu.

"Mama," binti alisema, "mwachie."

Nyota ikawaka. Ikazimika. Ikawaka, ikazimika, ikawaka tena, mpaka watawa wakaelewa kwamba mgonjwa wao anacheza. Alilala katika Bwana baada ya sikukuu ya Epifania, nyota ikiwa imewaka, na hakuna aliyegusa swichi; iliachwa mpaka betri ikaisha yenyewe.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Basi kina mama mjihadhari: iko huruma inayomfungia mtoto mlango wake, na aliyefungiwa hawezi kubisha. Kila Noeli mwanafunzi mmoja huiwasha nyota ile, kwa goti au kwa nyusi, hata ichukue muda gani. Kwaya hunyamaza, padri hushusha kitabu, na parokia nzima, mweka hazina akiwemo, huikalia mikono yake.