Kuku wa Saa Kumi na Moja

Harufu ninayoikumbuka kuliko zote za utoto wangu Tunduma ni ya kuku wa kienyeji aliyeiva, ambaye huruhusiwi kumla. Nilikuwa na miaka tisa. Baba mdogo Asukile, mdogo wake baba, alikuwa angani akitoka Dar es Salaam kwenda Guangzhou kusoma, wa kwanza katika ukoo wetu kupanda ndege. Bibi, mama yao, alikuwa ameshuka kutoka Ibaba na kuku wake kapuni na sheria yake ya milimani: mtu wa nyumbani akiwa njiani, uwanja haufagiliwi wala sufuria haifunuliwi mpaka akanyage anakokwenda. Tangu asubuhi tulikuwa tumekunywa maji tu. Msafiri kafiri, walisema wahenga, ila hawakututahadharisha kwamba mfungo wake utahamia kwa watoto.

Tiketi ilisema angefika saa kumi jioni, saa za huko. Baba alijiona bingwa wa hesabu hizo. Kila siku alivuka mpaka kwenda Nakonde kuuza mchele, na sebuleni alitundika saa mbili: yetu, na ya Zambia iliyo nyuma kwa saa moja. "Mama, nje ya nchi saa huwa nyuma," akasema. "Kwao ikiwa saa kumi, kwetu ni kumi na moja." Bibi aliona hata hiyo ni mapema mno. Basi la Dar tu hula kutwa nzima, sembuse njia ya zaidi ya kilomita elfu nane! Mimi nilikaa jikoni nikinusa, nikimchukia baba mdogo kwa moyo wangu wote.

Saa sita na nusu mchana simu ya baba ikaita. Alikuwa Asukile. Bibi akaipokonya.

"Mwanangu! Wamekushushia wapi? Mlowo, hapo jirani?"

"Nimefika China, mama. Nangoja begi."

"Usinidanganye. Saa yako bado."

"Huku jioni, mama. Wako mbele yetu kwa saa tano."

Baba akazitazama saa zake mbili, kisha akatoka nje kuangalia kama mvua itanyesha. Ilikuwa kiangazi. Bibi alikuwa analia kwa furaha, akauliza kama mwanawe amekula. Akajibiwa kwamba ndegeni walimpa chakula mara mbili. Machozi yakakauka papo hapo. Alitutazama sisi tuliokauka midomo, akakata simu na kusema, "Pakueni, na paja lililokuwa la Asukile mpeni huyu mtoto."

Bibi hayupo tena. Mwezi uliopita nilitua Guangzhou mimi mwenyewe, kununua bidhaa za duka langu. Simu ilikuwa imeonyesha umbali, muda na saa ya kutua, na haikukosea hata dakika. Nikapiga nyumbani Tunduma kusema nimefika salama. Uwanja ulikuwa umeshafagiliwa, na wote walikuwa wameshakula.