Sarafu za Fadha Aldo

Kila nikikamua ndimu, harufu yake hunirudisha Nkubu, kwenye nyumba ya Fadha Aldo, padri mzee kutoka Italia ambaye mama yangu alimpikia nilipokuwa darasa la nne.

Fadha alikuwa na sanduku la mbao lenye sarafu za shaba za Wagiriki wa kale. Alizikusanya moja moja tangu ujana wake. Jumamosi baada ya chai aliniita nikae kando yake, akanionyesha: farasi mwenye mabawa, mwanamke mwenye nyoka kichwani badala ya nywele, na bundi wa mungu wa kike aitwaye Athena. Kusema kweli sikuona mengi. Zilikuwa zimeingia weusi na ukijani, kama sufuria iliyosahauliwa nje. Mama naye alikataa kabisa kuigusa ile ya bundi.

"Ndege huyo akilia juu ya nyumba mtu hufa," aliniambia jikoni. "Na huyu anamfuga sandukuni!"

Siku moja Fadha akasafiri kwenda Embu kwa juma zima. Nilimpenda, nikataka kumfurahisha. Nikachukua jivu, ndimu na katani, nikazisugua sarafu zote hadi zikang'aa kama vifungo vya askari. Nikazipanga mezani, nikamsubiri.

Aliporudi alisimama mlangoni, kofia mkononi. Akaketi polepole. Akaokota moja, akaigeuza, akairudisha. Mama akatoka jikoni, akatutazama.

"Fadha, huyu mtoto ameharibu?"

Mzee aliiweka kofia magotini. "Hapana, Mama Gakii. Ameziosha tu." Kisha akanivuta karibu. "Njoo. Sasa unamwona bundi?"

Nilimwona, macho mawili makubwa yakinikodolea, nikacheka. Ila nyoka wa yule mwanamke walikuwa wamefutika. Alibaki na kichwa laini kama changu, ambacho mama alikinyoa kila mwisho wa mwezi.

Nilikuwa tayari mwalimu wa historia, na Fadha ameshazikwa, niliposoma kwamba ule ukijani hujijenga kwa mamia ya miaka, ndio huilinda sarafu ya kale na kuipa thamani, na ukishasuguliwa haurudi tena. Nilifunga kitabu pale darasani. Wanafunzi waliniuliza kama naumwa.

Niliikumbuka jioni ile, alivyokaa nami hadi giza likaingia akinisimulia jinsi farasi yule alivyopata mabawa, sauti ikimkwama hapa na pale, nami nikidhani amerudi na mafua ya safari.