Ubavu wa Sigino

Shemeji yangu Marseli alichoma nyama karibu na stendi ya Babati miaka mingi, na hakuna mteja aliyeondoka pale bila kutaniwa. Saratani ya umio ikamjia huko huko kwenye kula: nyama ilianza kukwama, kisha ugali, mwisho hata chai ikawa inarudi. Madaktari walimweleza wazi kwamba ugonjwa umekwenda mbali na hautapona. Wakamwekea mrija wa wavu wa chuma ndani ya umio, ili uji na supu vipite. Nyama akakatazwa.

"Shemeji, nimewekewa kalavati," aliniambia aliporudi nyumbani Nangara. "Maji yanapita. Mawe hayapiti."

Muda si mrefu tukaalikwa Sigino kwa wakwe wa binti yangu Vailet. Mume wangu, ndugu yake Marseli, ni marehemu, kwa hiyo Marseli ndiye aliyesimama kama baba. Na kwa wakwe wale, baba wa binti hukabidhiwa ubavu wa mbuzi. Asipouonja, hakuna anayegusa chakula, na uchumba huingia doa.

Ndani ya bajaji nikamwonya. "Usiseme unaumwa. Watasema ukoo wetu una saratani, wamwache Vailet. Mega kidogo, ufiche kwenye leso."

"Mchoma nyama nifiche nyama? Haya, Shemeji. Jina letu halitaanguka."

Ubavu ukaletwa. Mzee Sosthenes, baba wa kijana, akasimama akingoja. Marseli akaupokea kwa mikono miwili, akaunusa, akamsifu mchomaji. Kisha akauweka mikononi mwangu.

"Mimi nina saratani, na kooni nina kalavati la hospitali. Mbuzi hapiti," akasema kwa sauti ya stendi. "Ila nimekuja na mdomo wangu, huu hapa, umesoma mpaka chuo kikuu. Kula, Shemeji, watu wana njaa."

Nikaung'ata mbele ya wote, mafuta yakishuka hadi kwenye kiwiko.

"Bado, Mama Vailet," akasema Mzee Sosthenes. "Mfupa haujawa safi."

Wakacheka. Yeye akaketi karibu na Marseli. "Kaka yangu alikuwa nao huo. Tulimficha, akafa na njaa." Akaagiza supu iliyochujwa, na Marseli akainywa ameketi wima, mpaka tone la mwisho.

Vailet aliolewa. Marseli tulimzika kabla ya masika. Baada ya maziko Mzee Sosthenes alinijia na sahani yenye ubavu.

"Mdomo wa Marseli," akasema, "anza wewe."

Niliula mpaka mfupa ukawa safi.