Niliwapa Mawakala Wawili Faili Moja, Posa Yangu Ikarudi

Mkosaji ni mimi, simtafuti mwingine. Nilikuwa na mchumba na kazi mbili nzuri hapa Tunduma, na vyote nimevipoteza kwa uvivu niliouita utaalamu.

Miaka hiyo nilikuwa mtu pekee mtaani aliyejua kutengeneza programu za kompyuta, au ndivyo nilivyojitangaza. Mawakala wawili wa forodha walinipa kazi ya programu za kuchapa hati za malori yanayovuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Mmoja alikuwa Mzee Haji, aliyehamia kutoka Tanga. Mwingine alikuwa baba yake Sabina, mchumba wangu. Wazee hawa walikuwa hawasalimiani tangu wagombanie mteja mmoja wa Lusaka.

Kila programu ilikuwa na faili lake la kujengea, yaani maelekezo yanayoiambia kompyuta iunganishe vipande gani mpaka programu ikamilike. Nikayalinganisha, pacha watupu! Nikaona ni ushamba kutunza mawili. Nikafuta moja, lililobaki likawa la wote, nikatembea mjini kifua mbele.

Sabina, karani wa baba yake, hakufurahi. Aliniuliza, "Yanafanana leo. Mzee Haji akitaka jambo lake kesho, na baba naye apewe?"

Nikacheka, nikamwambia hayo ni mambo ya kitaalamu. Jamani, mdomo wangu!

Wiki haikuisha, Mzee Haji akataka jina la ofisi yake litokee juu ya kila hati. Nikaongeza mstari mmoja kwenye lile faili. Kesho yake nikaijenga upya programu ya mkwe, maana alitaka herufi kubwa, macho yanamsumbua. Herufi kubwa alizipata. Na jina la Haji alilipata, kubwa vilevile!

Kabla mtu hajagundua, lori la ndizi la mteja wa mkwe likafika ng'ambo, maofisa wakaona hati inamtaja wakala mwingine, wakalirudisha kwenye foleni. Siku tatu juani! Ndizi zikaoza zote.

Mkwe akaamini nimenunuliwa na Haji. Haji naye akaamini nimetumwa na mkwe kumchafulia jina kwa ndizi mbovu. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka, wazee wale walikubaliana jambo: kwamba mimi ni mpelelezi. Wote wawili walinifukuza siku ileile.

Nilikwenda kujieleza, nikachora hadi mchoro. Mkwe alisikiliza mpaka mwisho, akasema taratibu, "Mlango wangu na wa Haji aliichonga fundi mmoja wa Igamba, inafanana kabisa. Lakini kijana, ufunguo kila mtu ana wake."

Kisha akanirudishia barua ya posa. Sabina alikuwa pale mezani kwake, hakuinua macho. Niliumia, na hadi leo naumia.

Ninyi mnaotengeneza programu, nawasihi, msiunganishe mafaili kwa kuwa tu yanafanana. Jiulizeni kwanza: likibadilishwa kwa ajili ya huyu, yule naye ni lazima abadilishiwe? Kama si lazima, kila mmoja abaki na lake.

Swali hilo sikulitoa kitabuni. Ni lile lile la Sabina, nililolijibu kwa kicheko. Ameolewa Mbeya.