Mchoraji wa Mamba Muntu

Mchoraji jirani yangu hapa Ruashi huwacheka wanaomwogopa mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, anayesemekana kutoa utajiri na kudai roho. "Iko rangi tu," husema, akifuta vidole vyake vya buluu kwenye suruali ileile. Juzi Mama Domitille, mlokole anayeuza unga kwa jumla, alimletea picha kuukuu ya mamba muntu iliyoachwa na marehemu baba mkwe wake.

"Baba, funika hii shetani. Unichorie Yesu."

Akafunika mkia, kifua, nywele. Alipofika machoni, mkono ukagoma. Akamnyooshea mama brashi.

"Mama, mulokole njo weye. Anza."

Mama Domitille akarudi nyuma hatua mbili; macho yakabaki yalivyokuwa.

Sasa Yesu ametundikwa sebuleni kwake, ana ndevu nzuri, na wageni wanasifu macho yake.