Mirija Kumi na Miwili

Zamani nyumba ya mtu ilipandishwa na mikono ya ndugu zake. Siku hizi ndugu wanakuja kuipiga picha. Jirani yangu hapa Muyinga, aliyekulia Tanzania, hakuwa na habari hiyo. Alifyatua matofali ya udongo peke yake, akilainisha kila moja kwa kiganja. Kila Jumamosi aliandaa mtungi wa pombe ya mtama na kukata mirija kumi na miwili ya matete, mmoja kwa kila ndugu aliyeahidi kuja kuinua paa kabla ya mvua. "Leo watakuja, Mzee," aliniambia, akipuliza mrija mmoja mmoja kuondoa vumbi.

Jumamosi moja wakaja kweli, wadogo zake watatu, kwa gari kutoka Gitega. Walipokezana tofali moja, wakapigana picha, wakatazama saa. "Kaka mukubwa, sisi tuko na mkutano," alisema mmoja akijifuta vidole. "Kwani huku mafundi haiko?" Yeye alicheka tu, akawaonyesha mtungi. Hakuna aliyeinama kunywa.

Mara ya mwisho nilipomwona, mvua ilikuwa imenyesha siku tatu na ukuta wa mbele umelala chini. Alikuwa ameketi juu ya matope yake, anavuta pombe taratibu, na mirija kumi na mmoja imesimama mtungini. "Karibu, Mzee," alisema bila kugeuka. "Nafasi zipo."